Una elfu nane mkononi: uagize kahawa gani?

Kahawa ya kijiweni Kariakoo nainywa kwa shilingi 200, kikombe kidogo cha udongo, birika juu ya makaa, na sijawahi kuondoka pale nikinung'unika. Kwa hiyo nikiingia mgahawa wenye kiyoyozi, mashine inayong'aa na bei ya shilingi 8,000 kwa kikombe, nataka nijue hela yangu imekwenda wapi. Wanaandika ukutani "kahawa maalumu". Maana yake ni buni iliyoonjwa na waonjaji ikapata alama 80 au zaidi kati ya 100. Lakini alama hizo ni za buni yenyewe. Kikombe chako kinamtegemea aliyesimama nyuma ya mashine.

Nimevipanga vinywaji kwa jinsi kila kimoja kinavyorudisha thamani ya hela.

1. Kahawa ya kuchujwa kwa mkono. Chujio la karatasi, gramu 15 hivi za unga, mililita 250 za maji yanayomiminwa kidogo kidogo kwa dakika kama tatu. Hakuna maziwa ya kuficha chochote. Buni aina ya arabika ya Kilimanjaro au Mbinga iliyokaangwa kiasi ina uchachu wa matunda, na mtu aliyezoea kahawa chungu anaweza kudhani imeharibika. Usihukumu kwa funda la kwanza. Iache ipoe, utamu unajitokeza inapokaribia uvuguvugu.

Kabla ya kulipa, uliza swali moja: "Hii ni ya wapi, na ilikaangwa lini?" Barista mzuri, yaani mtengeneza kahawa, atakuletea mfuko uusome mwenyewe. Tafuta tarehe ya kukaangwa. Ile ya mwisho wa matumizi haikuambii kitu. Ikiwa imekaangwa ndani ya mwezi mmoja uliopita, agiza. Asiyejua akaenda kumuuliza mwenzake, naye nampa alama. Anayekujibu "ni nzuri tu, dada" amekujibu. Ila usiagize kahawa hii saa mbili asubuhi foleni imefika mlangoni: atakuharakishia, utaibiwa dakika zako tatu.

2. Kapuchino ndogo. Ni kahawa ya mashine iliyotiwa maziwa ya povu. Nasema ndogo, ya mililita 150 hadi 180, ambayo kahawa bado inasikika ndani ya maziwa. Hapa tumia masikio. Maziwa yanayopigwa mvuke vizuri yanatoa sauti kama karatasi inayochanwa, kwa sekunde chache tu, kisha yananyamaza na kuzunguka ndani ya jagi. Ukisikia mlio mkali mpaka mwisho, au mapovu makubwa kama ya sabuni ya kufulia, kimeshaharibika. Maziwa yanataka nyuzi 55 hadi 65. Yakipita 70 utamu unapungua na harufu ya kuchemka inaanza. Angalia pia kama anaifuta ile fimbo ya mvuke kwa kitambaa kila anapomaliza. Maziwa yaliyogandia pale tangu asubuhi yanaingia kwenye kikombe chako.

Kwenye kapuchino ndipo nimejifunza habari ya huduma. Mahali pamoja nilirudisha kikombe, maziwa yameungua. Kijana akanitazama: "Ndivyo inavyokuwa hiyo." Nikainywa nusu, nikalipa yote. Wiki iliyofuata, mgahawa mwingine wenye mashine ndogo na viti vya plastiki, nikalalamika hivyo hivyo. Binti akakishika kikombe kwa kiganja, akasema, "Pole dada, moto umezidi, nakutengenezea nyingine," na hakuniongezea bili. Ile ya pili ilikuwa nzuri, si ya ajabu. Lakini nimerudi pale mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

3. Espreso. Ni kahawa nzito ya mashine, kidogo na bila maziwa. Ndiyo bei nafuu na ndiyo mtihani mgumu. Gramu 18 za unga zitoe kama gramu 36 za kahawa kwa sekunde 25 hadi 30. Unaweza kuhesabu kimoyomoyo ukisubiri. Ikitiririka yote kwa sekunde 15, itakukunja uso kama ndimu. Ikijivuta mpaka 40, mwarobaini. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ni kamari: kama kinu hakijarekebishwa asubuhi hiyo, huna maziwa ya kukuokoa.

Ukiambiwa wamechanganya buni aina ya robusta ya Kagera, usikunje pua. Ina kafeini karibu mara mbili ya arabika na povu lake ni zito. Wahaya walikuwa wakiitafuna, ikichemshwa na kukaushwa, wanapokaribisha mgeni, zamani kabla ya mashine hizi.

4. Latte. Ni espreso ile ile ya kapuchino, maziwa mengi zaidi, na bei imepanda. Inamfaa anayeanza, au mwenye kompyuta anayetaka kikombe cha kukaa nacho saa nzima.

5. Amerikano. Espreso na maji ya moto. Ninaiagiza tu pale ambapo kahawa ya kuchuja haipo.

Mwisho kabisa: vile vya barafu vyenye sirapu ya karameli na krimu juu. Huwezi kujua kama kahawa ilikuwa nzuri au mbovu, nao wanalijua hilo. Kama shida yako ni joto na sukari, juisi ya miwa ya elfu moja inaimaliza.

Jambo moja dogo: ukinywa hapo hapo, sema "naomba kikombe cha kawaida" kabla hawajashika cha karatasi. Cha karatasi kinakula harufu, na kifuniko kinamalizia iliyobaki. Wengi hawakuulizi.

Na siku hizi baadhi yao wanapanga kashata pembeni ya mashine, kipande elfu tatu. Hiyo kanunue kijiweni.