Still Got the Blues ya Gary Moore: Je, ni bluzi halisi?

Miongoni mwa wapenzi wa gitaa hapa Mwanza, albamu ya Gary Moore iitwayo Still Got the Blues huzua ubishi kila inapopigwa. Moore, mzaliwa wa Belfast katika Ireland ya Kaskazini, alikuwa amejijengea jina katika roki nzito, akiwa na kundi la Thin Lizzy na baadaye kwa albamu zake binafsi za miaka ya 1980. Ilipofika mwaka 1990 aliuweka kando mtindo uliokuwa ukimlisha, akatoa albamu hii. Wapo wanaosema kwamba mtu aliyezoea makelele ya roki hawezi kuwa mpiga bluzi kwa kubadili jalada, na wapo wanaojibu kwamba wimbo unaobeba jina la albamu unawatoa machozi, kwa hiyo hakuna cha kujadili. Naona pande zote mbili zinapima kisichohusika, yaani asili ya mpigaji na machozi ya msikilizaji, ilhali bluzi ina umbo lake na adabu yake, na vyote viwili vinasikika ndani ya wimbo wenyewe.

Umbo linalofahamika zaidi ni la baa 12 (vipimo 12 vya mapigo vinavyojirudia) zilizojengwa juu ya kodi tatu za msingi za gitaa, yaani mafungu ya noti zinazopigwa kwa pamoja, na mashairi ambamo mwimbaji hutoa mstari, akaurudia, kisha akaufunga kwa mstari wa tatu. Adabu yake ni kupokezana. Mwimbaji akinyamaza gitaa linamjibu, na mwimbaji akirudi gitaa linampisha. Aliyewahi kufika Bujora, pale Kisesa, akaona bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, ikichezwa hahitaji maelezo marefu: mwimbishaji anatoa mstari majembe yakiwa yameinuliwa juu, sauti yake inaachwa peke yake kwa muda mfupi, na jibu la kundi linakuja pamoja na majembe yanaposhuka. Nyimbo za kazi za watu weusi katika mashamba ya kusini mwa Marekani, ambazo ni miongoni mwa mizizi ya bluzi, zilikuwa na mpangilio wa namna hiyo hiyo, na ndiyo maana nakipa kimya kilichopo kati ya mstari na jibu uzito mkubwa kuliko wingi wa noti.

Kwa kipimo hicho, wimbo maarufu kuliko zote katika albamu, ule wenye jina lake, si bluzi. Nasema hivyo bila kuudharau, kwa sababu ni wimbo mzuri sana. Lakini kodi zake haziendi kwa mwendo wa baa 12. Zinazunguka hatua kwa hatua katika ufunguo wa huzuni, mwendo ule ule unaosikika katika Autumn Leaves, wimbo wenye asili ya Ufaransa unaopendwa na wapiga jazi. Fidla zinapanda nyuma ya gitaa, kiitikio kinajengwa ili kifike kileleni, na solo ya mwisho inaendelea hadi wimbo unapofifia. Hiyo ni roki ya mapenzi iliyotengenezwa kwa ustadi. Hata asili ya lile gitaa la kuimbisha ililetewa kesi: mwaka 2008 mahakama ya Munich iliamua kwamba solo hiyo imechukuliwa kutoka katika wimbo wa mwaka 1974 wa Jud's Gallery, kundi la roki la Ujerumani. Anayetaka kuthibitisha kwamba Moore ni mpiga bluzi asiutumie wimbo huu kama ushahidi.

Ushahidi uko kwingine, na ni mzito. Moore aliwaalika studio wazee wawili wa bluzi kutoka Marekani ambao hakuna anayeweza kuwatilia shaka, Albert King na Albert Collins. King, aliyezaliwa Mississippi, alikuwa mtu wa mkono wa kushoto aliyepiga gitaa lililogeuzwa bila kubadili mpangilio wa nyuzi, kwa hiyo nyuzi nyembamba zilikuwa upande wa juu, naye alizivuta kuelekea chini hadi noti moja ikawa kama inalalamika. Collins alipiga gitaa la umeme aina ya Telecaster kwa vidole vitupu, nyuzi zikiwa zimefungwa kwa namna yake mwenyewe, na sauti iliyotoka ilikuwa kali na kavu. Katika Too Tired, wimbo uliotoka kwa Johnny "Guitar" Watson, sikiliza pale gitaa la Collins linapoingia kati ya mistari: linasema maneno machache, linakatika ghafla, na matarumbeta yanaijaza nafasi iliyobaki. Gitaa la Moore ni nene na lina mkwaruzo wa amplifaya iliyosukumwa mno, na kwa muda mwingi wa albamu anapenda kuendelea kusema hata baada ya hoja kueleweka. Hapa analazimika kusubiri zamu yake. Wimbo ni mfupi, unachangamka, na ni bluzi bila nyongeza yoyote.

Oh, Pretty Woman, ambamo yumo King mwenyewe, unakaribia kiwango hicho. King of the Blues, ambao Moore aliutunga kumsifu King, unanipa shida: heshima iliyomo ni ya kweli, lakini unamsifu kwa noti nyingi mtu ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kupiga noti chache. Texas Strut ni roki iliyovaa mavazi ya bluzi, na That Kind of Woman, uliotungwa na George Harrison wa The Beatles, unapita bila kuacha alama.

Wimbo ninaourudia zaidi ni As the Years Go Passing By. Hapa hakuna mgeni wa kumsimamia Moore, na bado anajizuia. Anaimba kwa sauti ya chini, anaacha mstari umalizike, ndipo gitaa linajibu kwa noti mbili tatu, na hata solo inapokuja inaanza kwa unyonge kabla ya kupanda. Midnight Blues nao una utulivu wa namna hiyo, na kwa msafiri wa meli ya usiku kutoka Mwanza kwenda Bukoba sijui wimbo mwingine katika albamu hii unaofaa kuliko huo.

Hoja ya kwamba mtu wa Belfast hana haki ya kupiga bluzi siikubali, na nadhani sisi wa ukanda huu ndio tunaopaswa kuwa wa mwisho kuitoa. Rekodi za Kuba zilipofika Afrika katika miaka ya 1930, wanamuziki wa Kongo walizisikiliza, wakaziiga, kisha wakatengeneza rumba yao. Mbaraka Mwinshehe alijenga gitaa lake la solo katika mkondo huo, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayemwita mwigaji wa Wakuba. Moore naye alipitia mlango wake. Alijifunza kwa Waingereza waliojifunza kwa Wamarekani, hasa Peter Green wa kundi la John Mayall na baadaye Fleetwood Mac, ambaye gitaa lake la Les Paul la mwaka 1959 lilikuja kuwa mali ya Moore. Stop Messin' Around, unaofunga toleo la CD, ni wimbo wa Green, na All Your Love wa Mmarekani Otis Rush ulikuwa umekwisha kupigwa na Mayall akiwa na mpiga gitaa Eric Clapton mwaka 1966. Ukoo huo ni halali. Kinachomwangusha Moore, pale anapoanguka, ni haraka ya vidole.

Hukumu yangu basi ni kwamba karibu nusu ya albamu hii ni bluzi halisi, iliyobaki ni roki yenye uchungu wa bluzi, na zote zinastahili fedha ya mnunuzi. Asiyewahi kuisikia asianzie kwenye wimbo maarufu. Aanze na Too Tired, afuatishe As the Years Go Passing By, kisha atafute Born Under a Bad Sign, albamu ya Albert King ya mwaka 1967. As the Years Go Passing By na Oh, Pretty Woman zimo katika albamu zote mbili, kwa hiyo anaweza kuzilinganisha moja kwa moja. Atumie spika za kawaida au za masikioni, kwa sababu spika ndogo ya simu inabana besi, na gitaa la Moore linabaki kuwa kelele tu.