Huduma ya Kuchomelea Chini ya Maji: Haraka, Lakini Si ya Kudumu

Kampuni tuliyoiajiri kuchomelea bano la chuma kisichoshika kutu, aina ya 316, lililo mita 4 chini ya maji kwenye gati letu dogo hapa Mombasa, ilimaliza kazi kwa siku moja, bila chumba kikavu cha kuzuia maji yasifike mahali pa kazi, ambacho kingeongeza gharama mno. Wapiga mbizi wake ni mahiri, na kwa umeme ni waangalifu. Tatizo ni kiungo chenyewe. Joto la cheche huyapasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni, na kwa kuwa maji ya pembeni hukigandisha upesi chuma kilichoyeyuka, gesi hunaswa ndani kabla haijatoka. Tulipokwangua slagi (ganda la takataka linalobaki juu ya kiungo) tuliona vitundu vingi, vingine vikubwa kama punje ya mtama. Ni kweli kwamba chuma hiki hakipasuliwi na haidrojeni kirahisi kama chuma cha kawaida, jambo ambalo msimamizi alilieleza kwa ufasaha (ufasaha uliopungua tulipouliza kuhusu kutu). Oksijeni hula sehemu ya kromiamu inayokilinda chuma, na vitundu vilivyo wazi ni maficho ya maji ya chumvi. Kwa ukarabati wa muda ningewaita tena. Kwa kiungo cha kudumu, la.