Wasifu au riwaya: msomaji anatafuta nini?

Shaaban Robert aliandika vyote viwili, kwa hiyo tulinganishe kazi zake mwenyewe: Wasifu wa Siti binti Saad na riwaya ya Kusadikika.

Anayependa wasifu anataka jambo lililotokea. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, akauza vyungu, kisha mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo zake kwenye santuri. Ukijua kwamba mtu wa kweli alipita njia hiyo, unapata ujasiri wa kuijaribu yako.

Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, inafanya kazi nyingine kabisa. Nchi inaelea angani, Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wasome sheria, naye anajitetea kwa kusimulia masaibu ya wajumbe sita. Chini ya ukoloni, nchi ya kubuni ilimpa mwandishi nafasi ya kusema juu ya dhuluma mambo ambayo kuyaandika waziwazi kulikuwa hatari. Majina ya wadhalimu msomaji huyajaza mwenyewe, na kila kizazi hujaza mapya. Ndiyo maana mimi huirudia riwaya zaidi, ingawa kijana anayetafuta mfano wa kuigwa ningempa Siti kwanza.