Pa kuweka picha za ziwani: nilivyojaribu Instagram, Blogger, Flickr na WordPress

Mimi si mtu wa kompyuta. Napiga picha Mwanza na vitongoji vyake, nyingi za ufukweni: Kamanga, Capri Point, Mwaloni Kirumba, Igombe kwenye vichanja vya dagaa, na nikipata nafasi, Ukerewe. Kamera yangu ni ya megapikseli 24, laptopu ni ya siku nyingi. Nilichotaka ni sehemu moja ya kuweka picha na maneno machache, kwa mpangilio ninaoutaka mwenyewe.

Ushauri mwingi niliokutana nao mtandaoni unaanza na templeti, yaani sura ya ukurasa iliyokwisha kuandaliwa: ipi inavutia, ipi ina mandhari nyeusi, ipi inaonekana ya kitaalamu. Kwa sisi ambao watazamaji wetu wako kwenye simu na bando la siku, hayo yangekaa mwishoni kabisa. Mimi nilijiuliza mawili tu. Picha ikitoka kwenye laptopu yangu, jukwaa linaifanyia nini kabla haijamfikia mtu? Na siku nikitaka kuhama, natoka na nini mkononi?

Nianze na Instagram kwa sababu kila niliyemweleza aliniambia, "Si uweke Insta tu?" Akaunti ninayo na sina mpango wa kuifuta. Watu wapo huko, na picha ya mtu mmoja iliyosimama wima inakaa vizuri. Ila ziwa limelala. Instagram inaruhusu picha ya ulalo isizidi uwiano wa 1.91 kwa 1, na upana wake ni pikseli 1080, maana yake kimo kinabaki kama 566. Nina picha ya usiku wa giza, wakati wavuvi wa dagaa wametoka na taa zao na ziwa zima limegeuka kama mji uliohamia majini. Mstari wa taa unaanzia ukingo mmoja wa picha hadi mwingine. Ukiikata ncha, umeua picha. Ukiiacha ilivyo, haikubaliki. Na hata ikikubalika, kwenye kioo cha simu zile taa ni vumbi. Halafu jaribu kumwelekeza mtu kwenye picha uliyoiweka miaka miwili iliyopita. Atateremsha kurasa mpaka achoke.

Blogger, huduma ya blogu ya Google ambayo anwani zake huishia na blogspot.com, niliipenda kuliko nilivyotegemea. Wengi wanaisema ni ya kizamani, na kweli ni ya zamani: ilianza 1999, Google wakainunua 2003. Lakini kwetu ina heshima yake. Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti, alianzisha blogu yake 2005 hukohuko Blogspot, na kwa miaka Watanzania wa ndani na wa ughaibuni walikuwa wakiifungua kila siku kuona picha za nyumbani. Kwa hiyo mtu asikuambie Blogger haifai kwa picha. Ni bure, unaweza kuunganisha domeini yako (jina la tovuti ulilolisajili mwenyewe) bila kulipia huduma yoyote ya ziada, na kuna kitu kimoja kizuri sana ambacho hakisemwi: ukubwa wa picha umeandikwa ndani ya anwani yake. Ukiona s1600 katikati ya anwani, ukaibadilisha kuwa s640, seva inakuletea picha ileile ikiwa ndogo. Mtu mwenye subira anaweza kupanga ukurasa wake wote ukawa mwepesi kwa njia hiyo.

Kilichonizuia ni lile swali la pili. Nakala ya akiba niliyoipakua ndani ya Blogger ilibeba maandishi na maoni. Picha hazikuwemo, kilichokuwemo ni anwani zinazoelekeza kwenye seva za Google. Kwa mwandishi wa mashairi hilo si tatizo. Kwa mpiga picha, ni kuhama nyumba ukabeba orodha ya vyombo.

Flickr ni ya wapiga picha hasa. Ilianza 2004, na mpaka leo ukitaka kuona picha ikiwa kubwa, pamoja na lenzi, spidi na ISO iliyopigiwa, sijaona mahali palipopangwa vizuri zaidi. Ila kumbuka historia yake. Mwaka 2013 walitoa terabaiti nzima bure. Mwaka 2018 ikanunuliwa na SmugMug, na kuanzia 2019 akaunti ya bure ikawekewa mwisho wa picha 1,000. Waliokuwa wamerundika maelfu walitakiwa walipe au wazihamishe. Siwalaumu, kuhifadhi kunagharimu. Mimi naitumia kwa picha ninazotaka wapiga picha wenzangu wazikosoe. Kwa maelezo marefu kuhusu namna magugu maji yanavyosogea na upepo hadi kuziba maegesho ya mitumbwi, hapana.

Squarespace, huduma ya kujenga tovuti: nzuri sana kwa macho, haina mpango wa bure, unapewa siku 14 za majaribio kisha unalipa kwa dola. Nikapita. Ghost, programu ya blogu, nayo inaandikika vizuri, lakini ama ulipe ama usimamie seva yako mwenyewe. Kuna kijana mmoja wa programu alinishawishi nijenge kurasa tuli, yaani faili zilizokwisha kuandaliwa zisizohitaji programu kwenye seva, na kuziweka GitHub Pages, bure kabisa, nyepesi ajabu. Tovuti isizidi GB 1. Kwa picha zangu hiyo ni miezi michache, na kwa njia aliyonionesha, kila ukitaka kurekebisha neno unaandika amri kwenye skrini nyeusi. Yeye ana raha nayo. Mimi nilitaka kulala.

Nikaishia WordPress, na hapa lazima nitenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya kila siku. Kuna WordPress.com, huduma ya kampuni ya Automattic: unajiandikisha, unaanza. Mpango wa bure una GB 1 na wanaweka matangazo yao kwenye kurasa zako. Kuna WordPress yenyewe, programu huria iliyoanza 2003, unayoiweka kwenye seva ya kampuni yoyote unayoilipa. Mimi nimechukua hii ya pili. Inaniruhusu kupakua folda nzima ya picha siku yoyote, pamoja na hifadhidata ya maandishi, nikaenda nayo kwingine.

Ila sababu iliyonishika zaidi ni inavyozitendea picha. Ukipakia picha moja kubwa, WordPress inatengeneza nakala zake za ukubwa tofauti: pikseli 150, 300, 768, 1024, 1536, 2048, na ikiwa imezidi 2560, nyingine iliyopunguzwa hadi hapo. Tangu toleo la 4.4 la mwaka 2015, ukurasa unaipa simu orodha ya nakala hizo na simu inachagua inayoitosha. Simu ya bei ya kawaida yenye kioo cha pikseli 720 inachukua ile ya 768. Tangu toleo la 5.5 la 2020, picha ambazo mtazamaji hajazifikia hazishushwi mpaka azikaribie. Yote hayo yanafanyika bila plagini yoyote, yaani programu ndogo ya kuongezea. Ukurasa wangu wa picha ishirini, ambao kwa faili za moja kwa moja kutoka kwenye kamera ungevuka MB 150, mtu wa simu anaufungua kwa chache tu.

Sasa, si picha zote ni sawa, na hili nimejifunza kwa dagaa. Chukua picha mbili zenye pikseli 1600 upande mrefu, ubora uleule. Moja ni ziwa alfajiri, ukungu, mtumbwi mmoja mbali. Nyingine ni dagaa walioanikwa, wamejaa fremu nzima. Ya ukungu ilitoka chini ya KB 150. Ya dagaa ikapita KB 700. JPEG inapunguza uzito kwa kutupa vitu vidogovidogo ambavyo jicho halivikosi sana, na kwenye ukungu hakuna cha kutupa wala cha kubeba. Dagaa kila mmoja ana jicho lake, mgongo wake unaong'aa, kivuli chake. Ni maelfu ya vitu vidogo na hakuna hata kimoja cha ziada. WordPress inazihifadhi nakala zake kwa ubora wa 82 kati ya 100. Ukizikuza utaona kuzunguka macho ya dagaa kumeanza kuwa na uchafu, na kwenye anga la ukungu ngazi za rangi zimeanza kuonekana. Kwa hiyo mimi napunguza mwenyewe kwanza hadi pikseli 2048, rangi naziweka sRGB (mfumo wa rangi wa kawaida wa mtandaoni), nanoa kidogo, ndipo napakia. Za dagaa nazitoa kwa WebP, aina ya faili ya picha nyepesi kuliko JPEG, ambayo WordPress inaikubali tangu 2021. Uzito unashuka na macho ya dagaa yanabaki macho.

Jaribio ninaloliamini kuliko vipimo vyote lilifanyika Igombe. Mama mmoja ambaye nimempiga picha mara nyingi akiwa kwenye vichanja vyake aliniona nikishuka kwenye bodaboda.

"Dogo, picha yangu uliipeleka wapi?"

"Shikamoo mama. Ipo mtandaoni, ngoja nikuoneshe."

"Marahaba. Niwekee kwenye yangu. Kwenye yako kila kitu kinaonekana kizuri."

Akanipa simu yake, kioo kina ufa, bando ni lake. Nikaandika anwani. Hajamaliza kufuta mikono kwenye kanga, ukurasa umeshakaa. Akaitazama, akaisogeza karibu na uso, akaniuliza: "Mbona umenikata beseni?"

Alikuwa sahihi. Templeti niliyoichagua ilikuwa inapanga picha kwenye miraba, na WordPress kwa kawaida inakata kijipicha cha 150 kwa 150 katikati. Beseni la dagaa lilikuwa kushoto, ndilo lililobeba picha nzima, na kwenye mraba halikuwemo. Nikamfungulia picha kamili akaridhika, lakini jioni hiyo niliingia kwenye mipangilio ya midia nikaondoa alama kwenye kisanduku kinachosema vijipicha vikatwe kwa vipimo kamili. Ukifanya hivyo, picha za zamani hazijirekebishi zenyewe. Kuna plagini ya kutengeneza vijipicha upya, uiendeshe mara moja kisha uifute. Templeti nayo nimeibadilisha. Ninayotumia sasa haina mbwembwe yoyote, inaweka picha moja chini ya nyingine, na za ulalo zinabaki za ulalo.

Upande wa malipo ya seva nina malalamiko, ingawa kampuni sitaitaja. Tangazo lao lilisema nafasi haina kikomo, tena unalipa kwa simu, kwa shilingi. Nikalipia mwaka. Baada ya muda picha zikaanza kukataa kupanda. Nafasi ipo tele, ujumbe hausemi kitu cha maana. Huduma kwa wateja walinijibu kwamba nimefikia kikomo cha idadi ya faili. Idadi, si uzito! Kikomo hicho kimeandikwa kwenye masharti, mbali kabisa na lile tangazo. Ukizingatia kwamba picha moja kubwa ndani ya WordPress inazaa faili nane ukihesabu na ile ya asili, blogu ya picha inakifika haraka kuliko duka la nguo au tovuti ya kanisa. Nimehamia kampuni nyingine, na swali la kwanza nililowauliza lilikuwa hilo: mwisho wa faili ni ngapi? Uliza na wewe, na jibu uombe kwa maandishi.

Kuhama kwenyewe kulinichukua jioni moja. Folda ya picha, hifadhidata, domeini ikaelekezwa kwingine, basi. Hapo ndipo nilipoona faida ya kuisajili domeini, yangu ni ya .co.tz, kwa msajili tofauti na kampuni ya seva. Ukizifunga pamoja, siku ya ugomvi unagombana ukiwa nusu ndani ya nyumba yao.

Mambo mawili madogo kabla hujapakia chochote. Picha zilizopigwa kwa simu mara nyingi hubeba mahali zilipopigwa, hadi mtaa. Kama umempiga mtu nyumbani kwake Mabatini au Igogo, ondoa taarifa hiyo kwenye faili, usitegemee jukwaa likuondolee. La pili ni sheria. Tangu Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018, zilizoandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, kuna aina za maudhui zinazohitaji leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ukitaka kuweka habari au kuuza matangazo, anza kwa kuwauliza. Ofisi yao ya Kanda ya Ziwa ipo hapahapa Mwanza.

Kwa anayeanza leo na hana hela ya kutoa, ningemwambia achukue Blogger, aweke faili zake za asili kwenye diski mbili nyumbani, asiitegemee Google kuwa kabati lake. Mwenye hela kidogo na uvumilivu wa kusasisha programu kila mara, WordPress kwenye seva yake. Maana kusasisha hakukwepeki: plagini iliyosahaulika ndiyo mlango ambao wadukuzi hupitia, na kwa sababu hiyo mimi nimebaki na tatu tu. Ya albamu niliyoilipia mwaka jana nayo naiondoa malipo ya seva yakiisha. Picha moja chini ya nyingine zinatosha.