Kompresa ya kufunga kwenye gari: uzoefu wangu na ARB ya mota mbili kwenye Land Cruiser 79

Niseme mapema kabisa: kama gari lako linaishi kwenye lami, Arusha kwenda Moshi na kurudi, usinunue kitu hiki, yaani pampu ya upepo ya umeme inayofungwa moja kwa moja kwenye gari. Wa pancha wapo kila kituo, na hela utakazowapa miaka yote hazifiki bei ya kompresa hii. Mimi nimefunga kwa sababu njia zangu ni Natron, Eyasi na Ndutu, huko porini kaskazini mwa Tanzania, na gari ni 79 ya injini ya dizeli ya 1HZ. Ikishabeba mahema, maji na jiko, hiyo gari haina urafiki na mchanga.

Kabla yake nilikuwa na ile pampu ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la sigara. Inafanya kazi, siisemi vibaya. Lakini tundu lile kwa kawaida lina fyuzi ya ampea 10 au 15, kwa hiyo mota yake haiwezi kuwa na nguvu ya maana. Tairi moja inakula dakika nne, tano, mwili wa pampu unachemka, unaizima ipoe, unahamia tairi ya pili. Madhara yake siyo muda tu. Dereva akishajua adha inayomsubiri mbele, hapunguzi upepo. Anaingia kwenye mchanga wa Engaresero, kule Natron, na upepo mwingi wa lami, anakanyaga mafuta, anazama, koleo linashuka. Ndivyo tunavyoishi wengi huku.

Hapo ndipo kompresa ya kudumu ilipobadilisha mambo. Sasa nikifika mwisho wa barabara ngumu nashusha upepo kutoka psi 40 (kipimo cha presha ya tairi) hadi 20 bila kufikiri mara mbili, kwa sababu najua kuurudisha ni dakika moja na kidogo kwa tairi. Gari linapita pale lilipokuwa linazama, na abiria wa nyuma wanaacha kulalamika migongo. Watu hudhani unainunua kwa ajili ya pancha. Pancha ni ziada.

ARB ni kampuni ya Australia, na hii ya mota mbili waliitengeneza iendeshe difu loki zao za upepo (vifaa vya kufunga difu ili magurudumu ya pande zote mbili yazunguke pamoja) na pia ijaze matairi. Mimi sina difu loki, na bado inafaa. Kiwandani wanaandika inatoa lita 174 kwa dakika ikiwa haisukumi kitu, na lita 131 ikiwa inasukuma dhidi ya psi 29. Tairi yangu ni 235/85R16, ndani yake kuna nafasi ya lita 60 na ushee. Piga hesabu mwenyewe, utaona hiyo dakika moja haikutoka hewani. Bei ndiyo inauma. Kuagiza, kusafirisha na ushuru vinaifanya iwe kitu cha kujipanga. Kuna ya mota moja, nafuu zaidi na inakula umeme kidogo. Kwa mwenye gari dogo ningemwambia achukue hiyo.

Sasa kufunga, maana ndiko kwenye maneno. Fundi wa kwanza alitaka kuiweka nyuma kwenye bodi, ndani ya sanduku la spana. "Mzee, huku mbele joto litaiua," akaniambia. Hoja yake ina ukweli: chini ya boneti ni moto, na kompresa yenyewe inazalisha joto. Lakini nyuma ni mbali na betri, na mota mbili zikifanya kazi kwa nguvu zinavuta ampea 50 kwenda 60. Waya wa milimita 6 za mraba, mita 5 kwenda na 5 kurudi, kwa ampea 60 unapoteza karibu volti 1.75 njiani. Kompresa inabaki inakohoa na waya unapata moto. Ukitaka nyuma lazima ununue waya mnene sana, milimita 16 za mraba kwenda juu, na fyuzi ikae pale pale kwenye betri. Mimi niliamua chini ya boneti, kwenye nafasi ya betri ya pili, upande wa mbali na ekzosi. Waya unakuwa mfupi.

Breketi ilinipa shida kuliko kompresa. Gereji moja mjini ilinichomelea ya bati jembamba, imepakwa rangi nzuri, inapendeza macho. Ile barabara ya Naabi kwenda Seronera wote mnaijua, imejikunja kama bati la nyumba. Breketi ilipasuka kwenye kona, pale pale ilipokunjwa, kompresa ikabaki inaning'inia kwa boliti moja. Ya pili niliomba chuma cha milimita 4, kona ikawekewa kipande cha pembetatu cha kuishikilia, na nati zote ni zile zenye plastiki ndani ambazo hazifunguki kwa mtikisiko. Haijasogea mpaka leo.

Umeme: tumia waya zinazokuja na kompresa. Zina rilei (swichi inayobeba umeme mkubwa) na fyuzi kubwa tayari. Ukisikia fundi anasema "nitachukua moto hapa kwenye fyuzi ya taa", mshukuru, mlipe soda, ondoka. Negativu nayo irudi betrini kwa waya wake, usitegemee kuibana kwenye bodi iliyopakwa rangi. Swichi nimeiweka kwenye dashibodi na inafanya kazi funguo ikiwa ON tu, ili mtoto asiiwashe gari likiwa limeegeshwa.

Kwenye maungio ya upepo, usizungushe ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Vipande vyake vinakatika na kuingia kwenye vali. Weka gundi ya maji ya nyuzi za boliti, acha ikauke, kisha paka maji ya sabuni uone kama kuna povu. Kipimo rahisi zaidi ni masikio: kompresa inajizima yenyewe ikifika psi 150 na kuwaka tena presha ikishuka hadi karibu 135. Ukiiwasha bila kutumia upepo na ikawa inajiwasha kila baada ya muda mfupi, kuna mahali panavuja. Yangu ilikuwa inavuja kwenye kiungio cha mpira mbele ya grili, nikakikaza robo mzunguko, ikatulia.

Wakati wa kujaza naacha injini inaunguruma, navuta kitufe cha mafuta cha mkono kwenye dashibodi ili mzunguko upande kidogo. Betri haichoki, na taa hazififii.

Jambo ambalo wauzaji hawakwambii: magari mengi ya safari bado yanavaa 7.50R16 yenye tyubu. Kwa hizo, kompresa nzuri inaweza kukuponza. Ukishusha upepo sana tairi linateleza kwenye rimu, tyubu inavutwa nalo, na shina la vali linakatika. Shusha kidogo tu, na uende polepole. Na kama rimu ni zile za vipande, ambazo tairi linashikiliwa na ringi ya chuma, usiinamie tairi wakati wa kujaza. Ringi ikiruka inaua. Nunua mpira mrefu wenye kichwa cha kubana kwenye vali, simama pembeni.

Usumbufu mwingine ni kwamba ukishajulikana una upepo, hutulii. Pale Mto wa Mbu nimesimama nijaze matairi yangu, kijana wa bodaboda akaja, "Shikamoo mzee, nisaidie upepo kidogo." Nikampa. Walipofika wenzake ilikuwa foleni. Tairi ya pikipiki inajaa kwa sekunde chache kwa mashine hii, kwa hiyo geji usiitoe machoni, vinginevyo utampasulia mtu tyubu yake na umlipe.

Matunzo ni machache. Kichujio cha hewa nakitoa na kukisafisha kila nikirudi kutoka Natron, maana lile jivu la volkano ya Ol Doinyo Lengai ni laini kuliko unga na linaingia kila mahali. Kwenye droo nabeba kichujio cha akiba na fyuzi mbili, kwa sababu fyuzi za ukubwa ule hazipatikani duka la kijijini.