QEMU na CD za ami: uzoefu wangu, Chake Chake

Ami yangu ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Chake Chake, na hesabu zake zote zimo kwenye programu ya zamani inayotaka Windows XP, tena haifunguki mpaka CD yake iwemo ndani. Kompyuta yake ilipokata roho nikamwambia, "Ami, niachie siku mbili." Zikawa tisa.

Laptopu yangu ni ya Linux na haina pa kutia CD. Nikaazima kisoma CD cha USB, nikatumia dd, amri ya Linux ya kunakili, kusoma kutoka /dev/sr0, yaani kisoma CD chenyewe, na CD zake mbili zikawa mafaili mawili ya ISO, kila moja nakala kamili ya CD yake. Halafu nikaweka QEMU, programu ya bure aliyoianzisha Fabrice Bellard mwaka 2003, inayounda kompyuta ndani ya kompyuta. Kuiwasha ni kwa kuandika amri. Mie hilo halikunikera.

Nilijikera mwenyewe. Nilitaka diski tatu, ya Windows, ya hesabu na ya akiba, pamoja na CD. Nikaandika -hda, -hdb, -hdc, moja kwa kila diski, na mwisho -cdrom kwa CD. Ikagoma kuwaka, ikanipa mstari mmoja kwamba bus=1, unit=0, index=2 tayari ipo. Sikuusoma vizuri. Nikajua ISO mbovu, nikainakili upya, nikabadilisha jina la faili, nikaazima tena kile kisoma CD. Siku nne naihangaikia CD isiyo na kosa.

Kumbe ujumbe ulishasema kila kitu, ila ulihesabu kuanzia sifuri. Kompyuta ya aina ya pc inayoundwa na QEMU ina njia mbili za IDE, mfumo wa zamani wa kuunganisha diski, na kila njia ina nafasi mbili. bus=1 ni njia ya pili, unit=0 ni nafasi yake ya kwanza; ukihesabu zote nne, hiyo ni ya tatu, ndiyo index=2. Hapo ndipo inapokaa -hdc, na -cdrom nayo huenda papo hapo. Wageni wawili, kitanda kimoja. Na sisi ambao mshale ukiwa kwenye saba tunasema saa moja, hesabu kama hii haikupaswa kunipiga chenga. Diski ya akiba nikaihamishia -hdd. Herufi moja tu, XP ikawaka.

Nikajitia ujuzi, nikabadilisha mashine kutoka pc iwe q35, aina nyingine ya kompyuta inayoundwa na QEMU, kwa kuwa ni mpya zaidi. Skrini ya buluu papo hapo: q35 huunganisha diski kwa AHCI, mfumo mpya kuliko IDE, na XP haina draiva yake, yaani programu ya kuutambua. Huko pia kila mlango una nafasi moja, unit=1 haikubaliwi. Nikarudi kwenye pc, kiherehere nikakiacha.

Kilichonifurahisha hasa ni kubadilisha CD bila kuzima. Programu ya ami katikati ya kusakinisha inadai CD ya pili. Nikabonyeza Ctrl+Alt+2 kufungua skrini ya amri ya QEMU, nikaandika info block, ikanitajia kila diski na faili lake. CD inaitwa ide1-cd0, ile ile njia ya pili. Nikaandika change ide1-cd0 cd2.iso, nikarudi kwa Ctrl+Alt+1, nikabofya OK, usakinishaji ukaendelea.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu usipoandika mwenyewe -enable-kvm, inayoiruhusu QEMU kutumia prosesa ya laptopu moja kwa moja, XP inajikokota kama punda aliyebebeshwa mawe, na mie nilikaa jioni nzima nikidhani laptopu imechoka.

Ami nilipomwonesha aliigeuza laptopu upande huu na upande huu. "Mwanangu, CD umeitia wapi?" Nikamwonesha faili. Akalitazama, akanitazama mie. CD zenyewe kazirudisha kwenye bahasha, kazifungia kwenye mtoto wa meza pamoja na risiti, na ufunguo anao yeye.