Jenereta ya nyumbani na chenjiova ya otomatiki: miaka miwili ya kuishi nayo Sahare, Tanga

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya taifa ilizima nchi nzima. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji wa daku. Taa zikaenda. Nikasimama na mwiko mkononi nikihesabu, maana naijua jenereta yangu: ukifika nane inanguruma, ukifika kumi na tano taa zimesharudi. Nikafika thelathini. Nyuma ya nyumba nikasikia tik, tik, tik, kisha kimya. Ikajaribu tena, tik. Mara ya tatu, tik. Baada ya hapo ikawasha kitaa chekundu na haikuhangaika tena. Mama mkwe akasema kutoka chumbani, "Mwanangu, lidude lenu limenuna."

Friza zilikuwa tatu, zimejaa pweza na ngisi. Oda za Jumatatu ya Pasaka zilikuwa zichukuliwe asubuhi ile ile, na za Idi zilikuwa nyuma yake.

Nianze na nilichonunua. Ni jenereta ya dizeli ya kVA 10, fezi moja, ya kupozwa kwa hewa, ile ya kwenye kasha la kupunguza kelele. Pamoja nayo ni paneli ya chenjiova ya otomatiki ya ampea 63, ambayo mafundi huiita ATS, imefungwa ukutani kwenye baraza la nyuma. Nilinunua Julai 2023 kwenye duka moja la mjini ambalo sitalitaja, kwa bei iliyokaribia ya bajaji mpya. Kwa friza peke yake nisingehitaji otomatiki, kwa sababu friza lililojaa likiachwa limefungwa linatunza baridi hata siku mbili. Langu halifungwi. Nauza rejareja, mfuniko unafunguliwa tangu asubuhi hadi usiku. Mume wangu anafanya kazi zamu za usiku, na mimi kutoka nje kwenye mvua kwenda kunyanyua mkono wa chenjiova ya kawaida nilishachoka nao.

Kazi ya ATS ni rahisi kuieleza. Inautazama umeme wa nje muda wote. Ukikatika, inasubiri sekunde chache kuhakikisha si kupepesa tu, kisha inaiambia jenereta iwake. Jenereta ikishatoa volti zinazoeleweka, kontakta ya umeme wa nje (kontakta ni swichi kubwa inayojivuta kwa sumaku ya umeme) inaachia na ya jenereta inavuta. Umeme ukirudi haikimbilii kurudi: yangu imepangwa isubiri dakika kumi, irudishe nyumba kwenye umeme wa nje, halafu injini izunguke kidogo bila mzigo ipoe. Majirani walikuwa wanagonga geti, "Mama, umeme umerudi, unachoma mafuta bure!" Siyo ubovu, ndivyo ilivyo.

Miezi ya kwanza nilikuwa shabiki wake. Mtakumbuka mgao wa mwishoni mwa 2023. Karibu kila siku ilikuwa inawaka, na haikunikosea hata mara moja. Nikawa naisifia kwa kila mtu anayekuja kununua pweza. Kisha mitambo ya Bwawa la Nyerere ikaanza kuwashwa Februari 2024, mgao ukalegea, na jenereta ikakaa wiki nzima nzima bila kuguswa. Aprili ikanigomea.

Asubuhi ile fundi wa duka alikuja, akapima betri, akasema imekufa. Kwa hilo alisema kweli. Ikiwa imetulia ilisoma volti 12.3, lakini stata ilipoivuta iliporomoka hadi 7. Betri nzima haitakiwi kushuka chini ya 10 hivi wakati wa kuwasha. Akafunga mpya, nikalipa shilingi 260,000, akaondoka. Dakika ishirini kazi imekwisha. Niliona ni huduma nzuri kabisa, hata nikampa ngisi.

Mwezi Juni, tik tik tik.

Safari hii duka likaniambia betri nimeiua mwenyewe kwa kutoiwasha jenereta, kwa hiyo haina dhamana. Nilikasirika, lakini hasira haigandishi pweza. Dada wa genge la jirani akanielekeza kwa mzee mmoja wa Makorora ambaye ujana wake wote aliutumia kwenye mitambo ya dizeli ya mashamba ya mkonge. Alikuja na baiskeli, mfuko wa zana na tesita ambayo plastiki yake imefungwa kwa raba ya tairi. Nikamwamkia, nikamweleza, akacheka. "Mwanangu, betri mbili haziwezi kufa ndani ya mwaka mmoja kwa ajali. Kuna anayeziua. Tumtafute."

Hakuigusa injini kabisa. Umeme wa nje ulikuwepo, jenereta imezimwa. Akaweka tesita kwenye betri: 11.9. Akaniambia kitu ambacho ningeambiwa siku ya kwanza kingeniokolea pesa zote zile. Ndani ya paneli kuna chaja ndogo, inatumia umeme wa nje kuitunza betri jenereta ikiwa imelala. Kama chaja inafanya kazi, ukipima betri injini ikiwa imezimwa na umeme upo, lazima usome zaidi ya volti 13. Ukisoma 12 na kitu au chini yake, chaja haifiki. Haijalishi betri ni mpya kiasi gani, kwa sababu kontrola ya jenereta, kile kisanduku kinachoiamuru iwake na izime, inakula umeme kidogo kidogo usiku na mchana, na baada ya wiki kadhaa imeimaliza.

Wakati wa mgao injini yenyewe ilikuwa ikiichaji betri kila ilipowaka. Ndiyo maana ubovu haukuonekana. Umeme ulipotengemaa ndipo betri ikaanza kufa njaa. Sikuwahi kufikiria kwamba jenereta inaweza kuharibikiwa kwa sababu umeme umekuwa mzuri.

Akaweka kontrola kwenye kuzimwa, akachomoa waya hasi wa betri, ndipo akazima breka kuu. Alisisitiza huo mpangilio, kwamba otomatiki haibishi hodi: mkono wako ukiwa ndani ya paneli na umeme ukakatika, itawaka na wewe umo. Akafungua paneli, akafuata waya za chaja kwa kidole hadi kwenye kishikio cha fyuzi. Akakifungua. Kitupu. Haikuwa fyuzi iliyoungua, hapakuwa na fyuzi. Nyuma ya mlango wa paneli, chini ya karatasi ya mchoro, palikuwa na kifuko cha nailoni kimebandikwa kwa gundi, na ndani yake fyuzi mbili za kioo za ampea 2. Zilikuwa zinasubiri mfungaji azitie tangu Julai 2023. Mzee akaitia moja. Tulipounganisha tena, tesita ikapanda taratibu hadi 13.4. Betri ile ya pili tuliichaji nje usiku mzima ikafufuka, na bado ninayo mpaka leo.

Alitaka elfu ishirini. Nilimwongezea.

Kabla hajaondoka akainama kwenye bomba la moshi na kupitisha kidole, kikatoka cheusi na chenye unyevu wa mafuta. Akaniuliza nyumba inatumia nini. Nikamtajia: friza tatu, friji, feni, taa, televisheni. Akapiga hesabu kwa midomo. Jenereta ya kVA 10 inatoa kama kilowati 8, na mimi vyote vikiwaka kwa pamoja sifiki kilowati moja na nusu. Injini ya dizeli ikizungushwa bila mzigo wa kutosha haipati joto lake, mafuta hayaungui yote, yanaganda kuwa masizi na kudondoka. Angalau theluthi ya uwezo wake iwe na kazi. Kwa maneno mengine niliuziwa kubwa mno. Nilipokwenda dukani nilitaja vyombo vyangu kimoja kimoja, na muuzaji akanijibu, "Chukua kubwa mama, kubwa haikosi kazi." Friza huvuta sana zinapoanza, hilo ni kweli na unatakiwa kuacha nafasi, lakini kVA 5 au 6 ingenitosha na chenji ingebaki.

Dawa aliyonipa mzee ni ya kijanja. Kila Jumamosi naiwasha nusu saa, tena kwa kuzima breka ya umeme wa nje ili ATS nayo ifanye mazoezi, na wakati huo huo natia birika la umeme na pasi. Birika kilowati 2, pasi kilowati moja, friza zipo: injini inapata jasho. Kwa hiyo kwetu Jumamosi ndiyo siku ya kupiga pasi sare za shule, na chai ya saa nne inachemshwa na dizeli.

Ubovu wa tatu ulikuja Novemba 2024 na huo ulinichekesha baada ya kuniliza. Umeme umekatika, jenereta imewaka vizuri, inanguruma, nyumba giza. Kwanza nikaangalia breka ya kwenye jenereta yenyewe, kwa sababu mara moja mwanangu alishawahi kuishusha akicheza. Ilikuwa juu. Ndani ya paneli kulikuwa na mlio wa nyuki: zzzz. Fundi wa duka (nilimwita yeye kwa sababu dhamana ya paneli ilikuwa bado haijaisha) akasema bodi imekufa, nilete laki nane na nusu. Nikasema ngoja nifikirie, nikampigia mzee.

Kontakta mbili za ATS zimeungwa kwa kufuli ya chuma katikati, moja ikiwa imevuta nyingine haiwezi. Kufuli hiyo ndiyo inayozuia umeme wa jenereta usitoke nje na kumpiga fundi aliye juu ya nguzo, kwa hiyo haipaswi kuchezewa. Kontakta ya umeme wa nje ilitakiwa iachie, haikuachia mpaka mwisho. Kwa hiyo ya jenereta ikawa inavuta, inazuiwa, inalia. Kilichoizuia ni mjusi. Alijipenyeza kupitia tundu la waya ambalo halikuzibwa, akabanwa kwenye kile kichuma, akakauka kama ng'onda. Mzee alimtoa kwa koleo, akasafisha, akaziba matundu yote, na ile bodi ya laki nane na nusu imeendelea kufanya kazi hadi leo.

Wanaokaa karibu na bahari zibeni matundu. Na siyo kwa mijusi tu. Januari mwaka uliofuata, kaskazi inavuma, jenereta ikaanza kuwaka jioni umeme ukiwepo. Inawaka, inazima, siku mbili kimya, inawaka tena. Waja leo, waondoka leo, kama wanavyosema watu kuhusu Tanga yetu. ATS yangu imepangwa ikimbie umeme ukishuka chini ya volti 195, ambayo ni asilimia 85 ya 230. Nikadhani umeme wa mtaani ni mdogo. Kwa tesita yangu mwenyewe, maana wakati huo nilikuwa nimeshanunua, nikapima kwenye soketi jioni: 191. Mzee akapima kwenye mita ya Luku: 226. Volti 35 zilikuwa zinapotea ndani ya nyumba yangu, kwenye skrubu moja ya waya wa kuingilia iliyoota kutu ya kijani kwa chumvi. Ilikuwa na joto hadi plastiki imeanza kubadilika rangi. Tungeiacha, tungezungumzia moto. Akakata kichwa cha waya, akauchuna upya, akakaza. Basi.

Mengine ni ya kawaida. Oili nabadilisha kwa saa za kazi zilizoandikwa kwenye kitabu chake. Maji kwenye dizeli namwaga chini ya filta, hasa masika. Bomba la moshi walikuwa wamelielekeza dirisha la mama mkwe, nikawalazimisha waligeuze siku hiyo hiyo, kwa sababu moshi ule una sumu isiyonuka na mtu akilala haamki.

Nyota? Jenereta naipa nne, nimeipunguza moja kwa kelele zake, kwani ya mizunguko 3,000 kwa dakika hata ikiwa ndani ya kasha utaisikia. Chenjiova nayo nne. Duka na ufungaji wao moja, na hiyo moja ni kwa sababu walileta mzigo siku waliyoahidi.

Mwezi uliopita jirani wa mtaa wa pili amefungiwa kama yangu, duka lile lile, paneli ile ile. Akaniita niione. Kasha linang'aa, waya zimepangwa kwa ustadi, na mafundi walimwachia kalenda. Umeme upo, injini imezimwa. Nikatoa tesita kwenye mkoba, nikagusisha kwenye betri yake mpya. 12.4.

"Eti dada, iko sawa hiyo?"

Nikamwambia azime kontrola, kisha breka kuu, halafu alete bisibisi.